Kwenye karatasi, mtaa wenu ni shwari

ULIZA MTENDAJI
Safu ya maswali ya wasomaji kuhusu mtaa, kata na halmashauri. Anayejibu ni mtendaji wa kata mstaafu, mkazi wa Arusha.

SWALI

Shikamoo Mtendaji,

Mimi ni mama wa genge, naishi kusini mwa jiji la Arusha, chini ya baipasi. Jina la mtaa nimekuandikia pembeni lakini nakuomba usilitoe, maana huku tunajuana wote na sukari nanunua dukani kwa mwenyekiti.

Nauza nyanya, vitunguu, hoho, mboga za majani na mkaa wa kupima. Mzigo naufuata soko la Kilombero alfajiri, ili saa moja watu wanaokwenda kazini wakute meza imejaa. Kutoka kwangu hadi lami ni mwendo wa robo saa kwa mguu, na katikati kuna korongo. Kalavati la hapo lilibebwa na maji masika ya mwaka juzi. Pete moja ya zege bado iko kule chini, watoto wanajifichia. Vijana walilaza nguzo mbili mbovu za umeme, ndiyo daraja letu. Kiangazi bodaboda inapita, mtu wa mguu anapita, gari halipiti. Na vumbi unalijua la kwetu, lile laini linaloingia hadi kwenye sufuria lililofunikwa. Masika ndiyo basi tena. Mwezi wa nne guta la mzigo lilipinduka pale, matenga mawili ya nyanya yakaenda na maji. Mwenye guta akanidai hela yake yote. Nikampa, ningefanyaje, na yeye mguu ulikuwa umevimba.

Sasa vibaka wameshajua kwamba pale lazima bodaboda ipunguze mwendo hadi gia ya kwanza. Wanakuja watatu kwenye pikipiki moja, hawa wanaoitwa tatu mzuka. Mimi walinikuta Jumamosi alfajiri nikienda sokoni. Mmoja akanipiga kabali, mwenzake akavuta pochi, wa tatu hata hakushuka. Ndani kulikuwa na hela ya mzigo, simu, kitambulisho cha NIDA na kitabu changu cha vikoba. Hela ningelia siku moja nikanyamaza. Kile kitabu kina hisa zangu zote.

Kituoni nilimkuta askari mmoja, kijana mwenye adabu zake. Akaniambia, mama, gari halina mafuta, na hao watu huwajui kwa majina, sasa nikuandikie nini? Nikarudi. Ofisi ya mtaa nayo imefungwa, mlangoni wamebandika karatasi: "Nimetoka kidogo, piga simu," na namba chini yake. Nikazihesabu zile tarakimu. Ziko tisa.

Mwenyekiti nilimpata dukani kwake. Akasema barabara si kazi ya mtaa, ni ya TARURA, na usalama ni kazi ya polisi. Nikamuuliza, sasa ya mtaa ni ipi? Akasema ya mtaa ni kukusanya mchango wa ulinzi, na wewe una deni. Mtendaji, nilicheka. Nilicheka hadi na yeye akacheka.

Kabla ya uchaguzi greda lilikuja likachonga kutoka lami hadi kwenye nyumba ya ghorofa, likageuza. Na kule Olmoti tunaona uwanja mkubwa wa mpira wa AFCON unapanda kila siku. Mimi sina ubaya na mpira, wanangu wenyewe ni Yanga damu. Ila nikinunua umeme nakatwa 1,500 ya jengo kila mwezi, na bodaboda anayenibeba analipa kodi kwenye kila lita. Nchi inajengwa, sawa. Huku chini je?

Vijana wa mtaa wanasema wakimkamata hata mmoja watamvalisha tairi. Akina baba wanasema tusilipe chochote hadi kalavati lirudi. Mimi nakuuliza wewe uliyekaa humo ndani: hii barabara mwenyewe ni nani? Na mtu kama mimi, nisiyejuana na mtu kwenye ofisi yoyote, naanzia wapi?

Mama wa Genge, Arusha

JIBU

Marahaba mama, na pole sana. Tuanze na kitabu cha vikoba. Hisa zako haziko kwenye pochi ya mwizi, ziko kwenye leja ya kikundi anayoitunza katibu wenu. Kabla ya kikao kijacho mwone, alinganishe leja na kumbukumbu zako, uandikiwe kitabu kipya mbele ya wanachama.

Haya, tuje kwenye kalavati.

Barua yako imejaa mambo, ila kuna kitu nimekitafuta humo nikakikosa: karatasi. Umekabwa, hakuna RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kalavati limekwenda mwaka juzi, hakuna barua iliyoandikwa. Mwenyekiti umeongea naye, dukani. Mtu wa Halmashauri ya Jiji akifungua leo faili la mtaa wenu atakuta nini? Mtaa shwari. Hakuna aliyeporwa, hakuna kilichobomoka, wananchi wametulia na baadhi wanadaiwa mchango wa ulinzi. Bajeti hugawanywa kwa kuangalia faili hilo, na doria hupangwa kwa kuangalia kitabu cha kituo. Sikulaumu wewe. Waliopaswa kuandika ni wale waliokaa mezani na kalamu mkononi. Lakini kwa kuwa hawakuandika, itabidi uwaandikishe.

Mwenyekiti wako amekwambia ukweli nusu. Tangu Julai 2017 barabara za wilaya, za vijijini na za mitaani ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri zenyewe. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Kwa hiyo ni kweli, mwenyekiti wa mtaa hana greda wala pete za zege. Nusu aliyoimeza ni kwamba kuipeleka shida yenu huko TARURA, kwa maandishi, ni kazi yake. Ndiyo maana mkapanga foleni Novemba 27, 2024 kumchagua. Na Katiba, ibara ya 146, inazitaja serikali za mitaa kwa jukumu la "kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi". Siku nyingine akikwambia kazi ya mtaa ni mchango tu, mkumbushe hiyo ibara, kwa upole, ukiwa umeshalipia sukari.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo watu wengi wa pembezoni mwa Arusha wanapokwama. TARURA ina mtandao wa barabara unaozidi kilomita 144,000 nchi nzima, sehemu kubwa udongo mtupu. Barabara iliyomo kwenye mtandao huo inatambulika kwa jina na namba yake. Isiyomo, kwa macho ya mhasibu, haipo. Hata meneja akikuonea huruma namna gani, hawezi kuitolea shilingi bila kujitafutia hoja ya mkaguzi. Na huku kwetu unajua mashamba yalivyouzwa. Mzee anakata vipande, anamwachia kila mnunuzi kinjia cha kupitisha mkokoteni, hakuna mpima wala ramani ya mipango miji. Miaka ikapita, nyumba zikajaa, kile kinjia tukakiita barabara. Hivyo swali la kwanza kuuliza TARURA si "mtatujengea lini?" Uliza: barabara yetu imo kwenye mtandao wenu? Kama imo, namba yake ni ipi, na mara ya mwisho ilitengewa fedha mwaka gani wa fedha? Uliza kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu.

Wakisema imo, kazi imekuwa nyepesi. Kalavati lililobebwa na mvua ni uharibifu wa dharura, na lina njia yake ya kuombewa fedha bila kusubiri foleni ya lami. Wakisema haimo, mkutano wa mtaa lazima upitishe ombi la kuiingiza, na wenye viwanja wakubali upana unaotakiwa. Hapo ndipo penye shughuli. Yule aliyesogeza ukuta njiani ataanza kukohoa.

Naomba kwenye mkutano huo msiongee tu. Nimehudhuria mikutano ambayo watu walizungumzia maji kuanzia saa nne asubuhi hadi adhuhuri, mama mmoja akalia, mzee mmoja akatishia kuhama, halafu muhtasari ukatoka na mstari huu: "Wananchi walishauri kuhusu huduma." Basi. Ukishasema lako, mgeukie mtendaji wa mtaa umuulize, umeandika? Nisomee. Na ahudhurie mtendaji wa mtaa mwenyewe, yule mwajiriwa, kwa sababu mwenyekiti ni wa kuchaguliwa lakini mwenye kutunza kumbukumbu ni mtendaji. Muhtasari uliosainiwa unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti wake diwani, katibu wake mtendaji wa kata. Kutoka hapo diwani anaubeba hadi Baraza la Madiwani, ambako mtu wa TARURA huja kueleza kazi za barabara. Diwani anayesimama bila muhtasari wa kata anaongea kama mwananchi mwingine yeyote. Akiwa nao, lazima ajibiwe na jibu liandikwe.

Na mwende mapema. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, Bunge hukaa kwenye bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, na halmashauri huanza kukusanya vipaumbele vya mitaa miezi mingi kabla ya hapo. Wengi wetu huamka Aprili, maji yakiwa magotini, na wakati huo vitabu vya mwaka unaofuata vimeshafungwa. Ombi la kalavati liingie vuli.

Barua iwe fupi. Ofisini hakuna anayesoma kurasa nne za uchungu, na mimi nimezisoma nyingi. Andikeni hivi:

"Meneja wa TARURA, Wilaya ya Arusha. Kupitia kwa Mtendaji wa Mtaa na Mtendaji wa Kata. YAH: KUBOMOKA KWA KALAVATI KATIKA BARABARA YA (jina), MTAA WA (jina). Sisi wakazi tuliosaini hapa chini tunatoa taarifa kuwa kalavati lililotajwa lilibebwa na maji ya mvua mwezi (…) mwaka (…). Magari ya wagonjwa, ya zimamoto na ya doria hayapiti. Wanafunzi huvuka juu ya nguzo mbili za mti. Tunaomba: (1) mtaalamu afike kukagua, (2) tujulishwe kwa maandishi kama barabara hii imo kwenye mtandao wa TARURA, (3) kazi hii iingizwe kwenye maombi ya dharura. Tunaambatanisha picha, na muhtasari wa mkutano wa mtaa."

Chini weka nakala kwa diwani na Mkuu wa Wilaya. Piga picha mtu akiwa amesimama ndani ya shimo, ili kina kionekane. Picha ya shimo tupu inaonyesha tope tu. Kisha chapisha nakala mbili. Usimkabidhi mtu korido hata akiwa na tai. Peleka masijala, waigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala yao na kwenye yako, yako urudi nayo nyumbani uitie kwenye mfuko wa nailoni. Barua isiyo na muhuri, siku ya kuulizana, itakuwa haikuwahi kuandikwa. Ukiwa na muhuri, huyo mwenye ofisi ndiye atakayetakiwa kueleza alikaa nayo muda gani.

Kuna mfuko mwingine ambao watu huusahau, Mfuko wa Jimbo. Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2009 na kamati yake inaongozwa na mbunge. Ni fedha za kuchochea kazi ambazo wananchi wenyewe wameshaanza. Kalavati la pete chache ni saizi yake kabisa. Mkiwa na mawe yamerundikwa pembeni, vijana wa kuchimba wapo na muhtasari umesainiwa, ombi lenu linapita mengi yanayofika mikono mitupu.

Ila msimwage kifusi wenyewe ndani ya korongo bila mtaalamu. Maji ya Arusha hutoka juu, kwenye mteremko wa Meru. Kwenu jua linaweza kuwa linawaka huku mlimani kunanyesha, na yakifika huko chini yanakuja na nguvu zote. Mkiziba, yatatafuta nyumba ya mtu. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji kwenye korongo hapahapa Arusha, na watoto wakapoteza maisha. Hilo litajeni kwenye mkutano, halihitaji maneno mengi. Mtazame pia kama kuna wanaochota mchanga chini ya lile kalavati. Mchanga ukiondolewa, sakafu ya korongo inashuka, maji yanachimba chini ya zege, na pete mpya zitafuata za zamani masika moja tu. Wachotaji mnawajua. Wengine ni waume zenu.

Upande wa wizi. Rudi kituoni ukachukue RB, hata sasa. Kutojua majina ya waliokukaba si sababu ya kunyimwa. Anayejua jina la mwizi wake ana bahati ya pekee. Yule kijana angekuuliza sura, mavazi, rangi ya pikipiki, walielekea wapi. Nenda na boksi la simu, kwa kuwa pembeni limechapwa namba ya IMEI, na hiyo ndiyo inayowezesha simu kufuatiliwa hata laini ikibadilishwa. Wasomaji wengine mnaosoma hapa, bonyezeni *#06# sasa hivi, namba itakayotokea iandikeni mahali pengine nje ya simu. Kwa NIDA utahitaji taarifa ya upotevu ya polisi, kwa hiyo safari moja inamaliza mawili. Na suala la mafuta ya gari la polisi usilibebe kichwani. Likigeuka kuwa ombi la wewe kuyanunua, namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, haikatwi hela.

Halafu waulize majirani. Nina hakika hukukabwa peke yako pale. Kila mmoja aliyeporwa akachukue RB yake, hata aliyechukuliwa kitochi cha shilingi elfu ishirini. Mkuu wa kituo akiona korongo lilelile na saa ileile vinajirudia kitabuni, atajua aweke doria wapi na saa ngapi. Mkiwa na RB mkononi, mtafuteni mkaguzi wa polisi wa kata yenu, yule aliyepangiwa kata, mumwombe aje kwenye mkutano wa mtaa. Mpeni kiti cha mbele. Aeleze mbele ya watu doria itakuwaje alfajiri, wakati wa mama wa sokoni, kwa sababu doria nyingi huisha saa tisa usiku na vibaka wanalijua hilo kuliko sisi. Asiporidhisha, OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, anapokea barua kama ofisi nyingine, nayo ina masijala. Kukiwa na tukio linaloendelea, piga 112.

Hao vijana wa tairi, waambie wazi. Raia anaruhusiwa kumkamata mhalifu na kumfikisha polisi bila kuchelewa. Akimchoma, kesi ni ya mauaji, na wa kwanza kutajwa huwa ni yule aliyeleta petroli na yule aliyesimama kupiga video. Mwizi mwenyewe akifa, mtandao wake wote unabaki salama, kwa kuwa aliyekuwa na majina ya wenzake ndiye mmemchoma. Na mara ngapi, jamani, aliyechomwa amekuja kujulikana kuwa ni dereva wa bodaboda aliyesingiziwa?

Akina baba na mgomo wao. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo anayetaka kuigomea akae gizani, na giza ndilo linalowasaidia vibaka. Tozo ya mafuta mnailipa bila kuulizwa; tangu Julai 2021 kila lita iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya hizihizi barabara za TARURA, na mwaka huohuo serikali ikatangaza shilingi milioni 500 kwa kila jimbo kwa kazi hiyo. Kwa hiyo manung'uniko yako ya lita ya bodaboda yana haki kamili. Mgomo mnaoweza kuufanya na ukauma ni mmoja: kataeni kuthibitisha taarifa ya mapato na matumizi ya mtaa mpaka isomwe kifungu kwa kifungu, mchango wa ulinzi ukiwemo. Walinzi wanalipwa kiasi gani, ni akina nani, na saa kumi alfajiri huwa wamelala wapi?

Kuhusu uwanja wa AFCON, sitakuunga mkono wala kukupinga. Fedha zile hazikutoka kwenye kapu la kalavati lako. Ila mwenye macho haambiwi tazama, na nyinyi watu wa kusini ndio wenyeji wa wageni wa 2027. Kwenye barua yenu ongezeni sentensi moja kuhusu hilo. Haigharimu kitu.

Mwisho, mtaji. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kati yake kwa wanawake. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na nyinyi wa vikoba tayari ni kikundi. Mwone ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Na yeye umpelekee kwa maandishi.

SWALI

Habari Mtendaji. Niko Moshi, ni dereva bodaboda. Mtaani kwetu tunatozwa 2,000 kwa mwezi ya sungusungu. Nilikosa miezi kadhaa kwa sababu pikipiki ilikuwa gereji. Nilipokwenda kuomba barua ya utambulisho nifungue akaunti benki, nikaambiwa hakuna barua hadi nilipe deni, na muhuri pia ni 5,000. Ni halali?
Boda wa Moshi

JIBU

Umechanganyiwa mambo matatu ili ulipe yote. Barua ya utambulisho ni huduma. Mtendaji anathibitisha kuwa unaishi pale, na unaishi pale iwe una deni au huna. Deni la ulinzi lina njia yake, haliwi kufuli la mlango wa ofisi. Muhuri wa 5,000: mwombe akuonyeshe sheria ndogo ya manispaa inayotaja ada hiyo, na akukatie stakabadhi ya serikali kwenye mashine. Anayetoza kihalali hapati tabu kutoa risiti. Akianza kutafuta chenji mfukoni mwa suruali yake, umeshapata jibu.

Sungusungu wenyewe wanatambuliwa na sheria tangu 1989, na ukiniuliza mimi, mtaa wenye vijana wanaozunguka usiku ni bora kuliko usio nao. Lakini mchango wao uwe umepitishwa na mkutano, uandikwe, usomewe watu. Nenda mkutano ujao ueleze habari ya gereji, uombe kulipa kidogokidogo. Dereva anayeshinda kijiweni usiku ni macho ya bure kwa mtaa; ningekuwa kwenye kamati ningekusamehe nusu.

SWALI

Mzee shikamoo. Balozi wa nyumba kumi ametuambia yeye ndiye serikali ya kwanza na malalamiko yote ya wizi yaanzie kwake. Kweli?
Mpangaji, Sakina

JIBU

Marahaba. Balozi ni kiongozi wa chama. Zamani za chama kimoja mambo yalikuwa yamechanganyika, lakini tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992, ngazi ya chini ya serikali mjini ni mtaa. Mheshimu kama jirani anayejua nani amehamia na nani amehama. Mara nyingi ndiye wa kwanza kujua kibaka analala chumba kipi. Mwambie, akusaidie kuita watu. RB lakini haandiki yeye, na saa saba usiku mlango wako ukivunjwa usiupite mlango wa polisi kwenda kugonga kwake kwanza.